Vikombe vya Bi Mwajabu

Kaeni vizuri. Na aliyeshika kikombe cha kahawa asikinywe kwanza, akishike hivyo hivyo. Mbele huko atajua kwa nini. Wewe pale nyuma, kohoa sasa umalize, maana nikianza sisimami.

Palikuwa na mji wenye sultani mmoja, hakimu mmoja, na dele moja kubwa la shaba la kuchemshia kahawa. Katika mji huo aliishi mjane mfinyanzi, Bi Mwajabu, na mabinti zake watatu, kila mmoja kazaliwa na lake.

Wa kwanza, Sikujua, alipewa miguu. Ukimtuma sokoni, kabla hujakumbuka ulichosahau kumwambia, keshatua kikapu mlangoni.

Wa pili, Mwamvua, alipewa masikio. Alikaa na mama yake sokoni akiuza vyungu, na kila mgeni aliyesimama kununua alimwachia lugha yake. Watu wa pwani, watu wa bara, watu wa milimani, wote aliwasikia na wote aliwajibu.

Wa tatu, Kibibi, alipewa mdomo. Si wa kupayuka, la! Mdomo wa taratibu. Alikuomba kitu, ukampa, halafu ukajikuta wewe ndiye unayesema ahsante.

Sasa sikilizeni desturi ya baraza la mji ule. Mdai ndiye aliyeleta kahawa. Hakimu alisikiliza maadamu kahawa ipo. Ikiisha, na vikombe vikarudi kwenye sinia, alisimama akatoa hukumu, watu wakaenda zao. Mdai alisema kwanza, mshtakiwa akasema kwa kahawa iliyobaki. Basi tajiri alikuja na dele limejaa, akasema mpaka sauti ikamkauka, na maskini alipofunua kinywa hakimu alikuwa anajifuta midomo. Na maskini akiwa ndiye mdai? Masikini wee! Alikuja na kikombe kimoja cha kuomba, na kesi yake ikamezwa kwa funda moja. Hakuna aliyeiita dhuluma. Waliiita desturi, wakaizoea.

Lipo na jambo lingine, mliweke akilini. Kumwaga kahawa barazani ilikuwa ni kumtukana aliyeileta, na kikombe hakikupokonywa mkononi mwa mtu. Na vikombe vyenyewe vya baraza, vyote, alivifinyanga Bi Mwajabu.

Udongo wake aliuchimba kwenye shimo alilorithi kwa mama yake, nyuma ya zizi la Bwana Mshangama. Mshangama alikuwa na ng'ombe, mashamba na nyumba za kupangisha, lakini jicho lake lilikuwa kwenye lile shimo. Alitaka kufyatua matofali. Alimwomba Bi Mwajabu amwuzie, akakataa. Akamwomba tena, akakataa tena. Siku moja ukuta wa zizi ukaanguka, na kabla vumbi halijatulia Mshangama alikuwa keshafika kwa hakimu.

"Mwanamke huyu amechimba chini ya ukuta wangu. Nataka shimo liwe fidia yangu, na yeye ahame mji."

Bi Mwajabu aliposikia, aliwaita wanawe. Shimo lile ndilo lililomlisha, ndilo lililowalea wanawe. Akiondolewa hapo, aende wapi na umri ule, akafinyange nini?

"Mama, unakumbuka chochote?" akauliza Sikujua.

"Nakumbuka yule kibarua wake, Lugome, mtu wa milimani. Kila adhuhuri nilikuwa nampa maji. Siku ya ukuta kuanguka nilimwona anapakiwa juu ya punda kama mzigo, anapelekwa kwao. Alinitazama, mwanangu, akalia."

Milimani ni mwendo wa kulala njiani, na kesi ilikuwa kesho yake asubuhi. Sikujua hakuuliza zaidi. Alichukua kile kikombe cha udongo alichokuwa akinywea Lugome, akakifunga kwenye upindo wa kanga, akaondoka.

Asubuhi baraza lilifurika. Na hapo ndipo Mshangama alipokosea, jamani, kosa la mtu mwenye kujiona. Siku zote kahawa ilinywewa na hakimu na wakubwa waliokaa mbele. Lakini yeye alitaka mji mzima uone Bi Mwajabu anavyofukuzwa, tena waone na ukarimu wake. Akaleta kahawa ya kutosha msikiti.

"Leo wanywe wote!" akamwambia mnyweshaji. "Mpaka wale waliosimama juani kule nje. Wape!"

Akaanza kusema. Alisema habari za ukuta, za babu yake aliyeujenga, za ng'ombe walioshtuka. Hakimu Mwinyikai, ambaye hakuwa mtu mbaya ila alikuwa mtu wa mazoea, alitikisa kichwa na kunywa. Bi Mwajabu alisimama pembeni, anaangalia dele linavyoinamishwa, linavyoinamishwa. Njia ya milimani ilikuwa tupu.

Kibibi naye alikuwa anapita katikati ya watu, taratibu, kama mtu anayetafuta pa kukaa.

"Mjomba, shikamoo. Nishikie hicho kikombe tu, usinywe. Mama bado hajasema."

"Marahaba. Nisinywe mpaka lini?"

"Mpaka asikilizwe, mjomba."

Akafika kwa bibi mmoja muuza mihogo. "Bibi, usinywe."

"Vidole vinaungua, mjukuu wangu."

"Kifunge na kanga, bibi yangu."

Yule bibi akamtazama. Mwanawe wa kiume aliwahi kuhukumiwa kwenye baraza lile lile, kwa kahawa iliyokwisha. Akakifunga kikombe na kanga, akamgusa jirani yake kwa kiwiko, na jirani akamgusa mwenzake.

Mshangama akamaliza. Mnyweshaji akaligeuza dele juu chini, likatoa tone moja.

"Kahawa imekwisha," akasema hakimu, akaanza kuinuka. "Vikombe vimerudi?"

Mnyweshaji akatazama sinia. Palikuwa na vikombe vya hakimu, Mshangama na wakubwa wa mbele, basi. "Havijarudi, hakimu."

"Kwa nini?"

"Wanasema inachoma."

Hakimu akakaa. Desturi ni desturi. Bi Mwajabu akaelewa, machozi yakamtoka palepale, akafunua kinywa akasema yake yote tangu mwanzo, bila kukatizwa. Ilikuwa mara ya kwanza mtu asiye na kahawa kufika mwisho wa maneno yake katika baraza lile.

"Nimekusikia," akasema hakimu. "Lakini shahidi wako yuko wapi?"

"Yuko njiani, hakimu."

Jua likapanda. Kahawa ikapoa, ikawa baridi kama maji ya mtungi. Hakimu akauliza, "Bado inachoma?"

"Bado!" wakaitika watu wote. "Inachoma, hakimu!"

"Kunyweni!" Mshangama akapiga kelele. "Kahawa yangu hiyo!"

"Ndiyo maana tunaitunza, Bwana," akajibu Kibibi, na baraza zima likaangua kicheko.

Kicheko hakijaisha, mtu akapaza sauti kutoka nje: "Huyo! Huyo anakuja!"

Sikujua alikuwa anashuka njia ya milimani, vumbi mpaka kwenye kope, na mgongoni kambeba mtu mzima. Lugome hakuweza kutembea. Ukuta ulimwangukia mguuni. Sikujua hakujua neno hata moja la lugha yake. Alipofika kwake alikitoa kile kikombe tu, akakiweka mbele yake. Lugome alikishika, akakigeuza, akalia, kisha akanyoosha mikono abebwe. Sikujua alimleta mlima na bonde, wala hakumtua.

Sikujua akamketisha mbele ya hakimu, na Lugome akaanza kusema. Hakimu akakunja uso. "Barazani kwetu lugha isiyoeleweka ni sauti tu, kama ya mbuzi. Ndivyo tulivyokuta."

"Mimi naielewa," akasema Mwamvua, akasimama. "Nitaisema kwa lugha yako."

"Wewe ni binti wa mshtakiwa!" akasema hakimu.

"Ndiyo. Ukinishuku, linganisha maneno yangu na vidole vyake. Yeye anaonyesha, mimi nasema."

Lugome akasema, Mwamvua akafasiri. Bwana Mshangama alimpa jembe achimbe chini ya ukuta wake mwenyewe. Ukuta ukamwangukia mguuni. Mshangama akampakia juu ya punda, akamwambia akirudi mjini atafungwa.

Kisha Lugome akasema jambo lingine, akimwelekezea kidole Bi Mwajabu. Mwamvua hakulifasiri.

"Amesema nini?" akauliza hakimu.

Hakuna mwingine pale aliyejua lugha ile. Angeweza kusema lolote, na nani angemkosoa? Bi Mwajabu akamtazama mwanawe.

"Amesema," Mwamvua akajikaza, "kwamba mama yangu naye, mvua zilipozidi, aliwahi kuchimba kikapu kimoja cha udongo upande wa ukuta, pasipo pake. Kimoja. Naye alimwona."

Bi Mwajabu akainamisha kichwa. "Ni kweli," akasema.

Hakimu akavua kilemba, akakipakata. "Nimekaa kiti hiki nikazeeka," akasema polepole. "Mkalimani aliyefasiri hata la kumuumiza mama yake, nisipomwamini huyu nitamwamini nani? Bi Mwajabu, kikapu chako utakirudisha kwa udongo mwingine. Shimo ni lako, na mji ni wako. Bwana Mshangama, wewe utamtibu mtu huyu mguu mpaka atembee, na leo hutoki hapa ukijivuna."

Loo! Mngevisikia vigelegele! Yule bibi muuza mihogo akainua kikombe juu akapiga kelele, "Sasa imepoa!" Na mji mzima ukanywa kahawa ile ya baridi kwa mara moja, chungu kama shubiri, na hawajawahi kunywa tamu kuliko ile.

Kelele zikamtoa sultani nyumbani kwake. Akaelezwa yote, akaliangalia lile dele, kisha akasema: "Kuanzia leo, kahawa haiingii barazani. Mshtakiwa atasikilizwa mpaka amalize. Shahidi aliye mbali ataletwa na baraza, si na binti wa mtu. Na asiyejua lugha yetu atapewa wa kumsemea." Watu wakamshangilia mpaka njiwa wakaruka juu ya paa.

"Nami naweka kiti kimoja kando ya hakimu," akaendelea. "Atakayekikalia, akisema 'huyu hajasikilizwa', hata hakimu hainuki. Kiti hicho nakitoa kwa nyumba ya mfinyanzi huyu. Bi Mwajabu, una mabinti watatu. Nitajie mmoja, kabla vikombe havijaoshwa."

Mji ukagawanyika palepale.

"Sikujua! Bila shahidi kulikuwa na nini? Maneno matupu!"

"Shahidi gani bila Mwamvua? Angelia kama mbuzi hapo! Tena huyu alisema kweli iliyomuuma."

"Nyinyi nyote mngekuta baraza limefungwa! Nani aliwashikisha vikombe? Kibibi!"

"Tulioungua vidole ni sisi," akasema bibi muuza mihogo, lakini hakuna aliyemsikia.

Mabinti wakasimama mbele ya mama yao. "Mama, sema tu," akasema Sikujua. "Hatutanuna." Bi Mwajabu akacheka kimoyomoyo, maana aliwazaa yeye, na aliwajua: watanuna.

Akaomba aoshe vikombe mwenyewe, kwa kuwa ni vya mkono wake. Nani angemkatalia? Akakaa na beseni la maji, akaanza kuviosha. Aliosha taratibu, jamani, hajawahi mtu kuosha kikombe taratibu namna ile. Akaosha cha hakimu. Akaosha cha mjomba, cha bibi, cha kila mtu. Akabaki na kimoja, kile kilichokwenda milimani kikarudi. Kakishika mkononi, anakizungusha ndani ya maji, sultani anangoja, na wale watatu wanamtazama.

Na wewe uliyeshika kikombe, kahawa yako imeshapoa. Haya, kunywa. Lakini kikombe chako hakirudi kwenye sinia mpaka utuambie: kiti kile, wewe ungempa nani?