Mudiri wa Mwisho wa Mwandoni

Wamesimulia wazee wetu, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba palikuwa na nchi ya shamba iitwayo Mwandoni, yenye vijiji vichache chini ya mudiri mmoja. Mudiri wake wa mwisho alikuwa Sheikh Khelefu, mcha Mungu, aliyeitumikia hadi mgongo ukapinda. Kisha ikaja amri: mudiria ya Mwandoni ivunjwe, vijiji vyake vitiwe chini ya mji wa mbali. Kwanza kadhi athibitishe mpaka wake na majirani wa Kidundu. Na desturi ilikuwa mudiri autembee mpaka pekupeku, bonge la udongo kichwani kuwa kiapo, watu wakimtazama.

Asubuhi ile mkwewe, Zuwena, alimfunga kilemba, mtoto mgongoni, mikono ikimuuma kwa kuteka maji. Kisima kilikuwa ndani ya ua wa minyaa uliopandwa mpakani, upande wao. Lakini mzee alikwisha kumwambia kwamba mwaka wa ukame watu wa Kidundu waliwaazima kisima hicho, wakausogeza ua ili ng'ombe wa Mwandoni wanywe bila ugomvi. Wengine waliolijua jambo hilo walikuwa wamekufa.

"Baba," akamwambia, "fuata ua tu. Mtoni ni mbali, nami nimechoka. Mudiria yenyewe inakufa leo, nani atauliza?"

"Mudiria inakufa, mwanangu. Mwenye kuuliza hafi."

Akatembea. Alipokaribia kisima akauacha ua, akakata ndani, kisima kikabaki upande wa Kidundu.

"Mzee amepotea!" vijana wakamcheka. "Udongo umemlemea!"

"Sikupotea," akamwambia kadhi. "Hiki tuliazimwa."

Kesho yake Zuwena akajitwika mtungi kwenda mtoni, miguu mizito. Alipopita kisimani, mwanamke wa Kidundu, Bi Sikudhani, akamzuia.

"Unakwenda wapi na kitoto hicho, wewe?"

"Mtoni, dada. Kisima si chetu tena."

"Ndiyo, ni chetu. Basi kama si chetu ningekukaribishaje? Hebu keti umnyonyeshe, nikutekee."

Akamtua mtungi. Zuwena akaketi, na machozi ya uchovu yakamtoka mbele ya watu, asiyaonee haya.

Enyi ndugu, Mwandoni haipo tena, na mpaka wake umelimwa mihogo. Lakini haki ikirudishwa kwa mwenyewe, yeye naye hupata cha kutoa. Mola atujaalie tuchoke katika kweli, wala tusiichoke kweli.