Kwa Nini Mvutaji wa Mkwadu Hupewa Mtoto Ashike

Kabla migongo ya mama zetu haijajua uzito wa mtoto, Ukungu ndiye aliyekuwa mlezi wa gulio la Mkwadu. Najua inasikika kama ndoto, lakini mliowahi kupanda kule milimani Upareni asubuhi, kabla jua halijafika, mmeuona ule uwanja ulivyo, mpana, umelala kama kiganja kilichofunguliwa, hauna paa wala ukuta, na vilele vimeuzunguka vimenyamaza. Ulikuwa hivyo hivyo hata wakati huo. Ila wakati huo Ukungu hakuwa mpita njia. Alikuwa mwenyeji. Siku ya gulio aliteremka polepole, miguu haionekani, akatandika weupe wake pembeni mwa uwanja, akasubiri.

Akina mama walifika na mizigo kichwani, magimbi, tangawizi, ndizi mbivu zilizofungwa kwa majani makavu, na watoto mikononi. Hakuna aliyebeba mtoto mgongoni, ambebe wa nini? Ulimfuata Ukungu, ukanyoosha mikono, ukaachia tu. Mtoto hakuanguka. Alielea shibiri moja juu ya nyasi, Ukungu akimtikisa huku na huku, huku na huku, na akiona kiu umande ukamdondokea mdomoni. Watoto wote wa milima ile walielea pamoja, wakicheka usingizini, na ukiwatazama kwa mbali hukujua yupi mtoto na yupi weupe. Mama aliuza vyake, akaongea yake, na jua lilipoinama alimchukua mwanawe, akakamua tone la maziwa kwenye nyasi. Huo ndio uliokuwa ujira. Ukungu akalilamba, akapanda zake kileleni.

Wazee wa kiume nao walikuwa na kazi yao, na hapa naomba mnisikilize vizuri, maana kosa lenyewe halikuanza kwa ubaya. Walivuta tumbaku. Walivuta kwa viko virefu, na nyumbani hawakuvuta hata kidogo, walivuta pale uwanjani, katikati, mbele ya watu, kwa sababu waliamini moshi ni mbegu ya mvua. Inasemekana palikuwa na ukame mkali, na mzee mmoja akawasha kiko chake gulioni kwa kukata tamaa, moshi ukapanda, ukapanda, na wingu likaja. Basi, imekwisha. Kuanzia hapo ikawa sheria. Moshi wa ndani unaishia kwenye boriti, walisema, huo ni uchoyo; moshi wa uwanjani ni wa watu wote. Mwanamume aliyefika gulioni bila kiko aliulizwa shamba lake yeye linanyweshwa na nani.

Lakini moshi haukufika mawinguni. Ungefikaje, njiani yupo Ukungu? Ulimkuta amejitandaza pale pembeni na watoto wa watu, ukaingia ndani yake taratibu, kama rangi inavyoingia kwenye maji. Mwanzoni alipiga chafya. Baadaye akazoea. Baadaye tena, na hili ndilo linaloniogopesha mimi mpaka leo, akaupenda. Akawa akiteremka hatazami watoto, anatazama viko. Lile tone la maziwa akaliacha likauke kwenye nyasi. Upindo wake wa chini ukageuka manjano, kama meno. Na kwenda kileleni akaanza kuona uvivu, akawa analala hapo hapo uwanjani, mzito, na Ukungu asiyepanda hawi wingu, na pasipo wingu mvua itoke wapi? Mvua ikapungua. Wazee wakaangalia juu, wakaangaliana, wakasema jamani hatuvuti vya kutosha. Wakaongeza tumbaku.

Sasa, alikuwapo mke wa Mbonea, msichana tu, Nakijwa jina lake, na mtoto wake wa kwanza alikuwa wa kike, wakamwita Namkunda. Nakijwa aliona mambo ambayo wengine walikuwa wameyazoea. Aliona watoto hawaelei tena shibiri nzima, wanaelea kwa upana wa vidole, nyasi zinawagusa visigino. Aliona hawacheki usingizini. Na usiku akimlaza Namkunda ubavuni alisikia kifua chake kikisema, chembe chembe, kama punje zilizobaki kwenye kibuyu, na kila akivuta pumzi pale chini ya mbavu palibonyea, pakawa kama kisima kidogo. Nakijwa alilala ameweka kiganja pale. Akisinzia, kiganja kilibaki macho.

Alimwambia mama mkwe wake. Mama mkwe akasema, "Mwanangu, kifua cha mtoto kina kelele zake, utazoea." Aliwaambia wenzake gulioni, wakacheka, si kwa chuki, kicheko cha kina mama, mnakijua. "Mzazi wa mmoja huyo," wakasema. "Mtoto akipiga miayo anaita mganga." Akajaribu kumpeleka upande wa juu wa uwanja, upepo unakotoka, Ukungu akajikokota akamfuata, na moshi ukamfuata Ukungu. Akajaribu kubaki nyumbani, lakini tangawizi ilioza na chumvi ikaisha, na mtu haishi milima ile bila gulio. Uwanja ni mmoja. Njia zote zinateremkia pale.

Basi siku moja akamwachia Ukungu mtoto wake huku moyo unakataa, akavuka uwanja mpaka walipokaa wazee. Aliyekuwa mkubwa wao aliitwa Senkondo, mzee wa mabega mapana, kiko chake kirefu kuliko vyote, na masikio yake yalikuwa yamekufa nusu.

"Shikamooni, wazee wangu."

"Marahaba, mke wa Mbonea. Umetumwa moto?" Maana kila nyumba ilikuja kuomba kaa la moto kwao.

"Sikutumwa moto, babu. Nimekuja kuomba muuzime."

Senkondo akaweka kiganja nyuma ya sikio, akamwambia aseme tena, akasema tena, na safari hii ilitoka kama kilio.

"Binti," Senkondo akasema, na alisema kwa upole, tusimwonee, "nionyeshe paa la uwanja huu."

"Hauna, babu. Yaani, hakuna paa."

"Ukuta je?"

"Hakuna."

"Basi moshi umezuiwa na nini usiende zake?"

"Umezuiwa na maneno ya wanawake," akasema kibogoyo mmoja pembeni, na wazee wakacheka mpaka wakakohoa, na walipokohoa walikohoa muda mrefu.

"Mtoto wangu anabonyea," Nakijwa akasema. "Hapa. Akivuta pumzi. Babu, hapa."

"Na tukizima, mvua ataipanda nani? Utaikamua wewe?" Yule kibogoyo tena. "Nenda, mama, nenda kanyonyeshe. Mbingu ni kubwa, haziwezi kujazwa na kiko cha babu yako."

Nakijwa aligeuka aondoke. Na alipogeuka akaona weupe wa pembeni umelala. Haukutikisika. Ukungu alikuwa amesinzia kabisa, ameshiba moshi, manjano yake yamepanda mpaka kifuani, na mikono ile isiyoonekana ikafunguka yenyewe kama mikono ya mlevi. Watoto wakashuka kwenye nyasi mmoja mmoja, pole pole, bila kishindo, kama majani yanavyotua. Wengine wakalia. Namkunda hakulia.

Nakijwa alikimbia, hakujua amefikaje, akamwinua. Midomo ya mtoto ilikuwa na rangi ya jivu. Pumzi ilikuja, ikakaa, haikuja, ikaja tena kidogo kama mgeni asiye na uhakika na nyumba. Akataka kukimbia naye, akazunguka, kila upande ni moshi, uwanja mzima usio na ukuta umekuwa chumba. Na mikono yake ikaanza kutetemeka kiasi kwamba aliona wazi, waziwazi, sasa nitamwangusha. Mimi mwenyewe nitamwangusha. Akamtafuta mtu wa kumshika, na wanawake walikuwa kila mmoja anainua wake, na mtu wa karibu mwenye mikono mipana alikuwa Senkondo, aliyekuwa amesimama kuangalia kuna nini.

"Mshike," akamwambia. Hakusema shikamoo, hakusema babu. "Mikono yangu imekataa. Mshike!"

Sasa watu wa milima ile wana jambo lao. Mtoto akiwekwa mikononi mwako humkatai, uwe nani, uwe na hasira gani, na ukishampokea humwachi mpaka mama mwenyewe anyooshe mikono. Humpi jirani, humlazi chini. Senkondo mwenyewe aliwahi kuwafundisha vijana hivyo. Akamwegemeza kifuani. Mtoto mchanga anataka mkono mmoja chini ya shingo na mwingine chini ya makalio, hakuna njia nyingine, na mzee hana mkono wa tatu. Kiko kikaanguka kwenye nyasi.

Na masikio yake, nimesema, yalikuwa yamekufa nusu, lakini mfupa husikia. Kifua juu ya kifua, alisikia zile punje kwenye kibuyu. Chembe, chembe. Akasimama. Akashusha kidevu. Na ndani ya kifua chake mwenyewe, chini ya kile kidogo, zikajibu nyingine, zile zile, za tangu miaka na miaka, ambazo mke wake alikuwa amechoka kumwambia. Vifua viwili vikasemezana pale uwanjani kama watu wa ukoo mmoja, kimoja cha mzee, kimoja cha mtu ambaye hata jino hajaota.

"Hiki ni kifua changu," Senkondo akasema.

Wazee wakamwangalia.

"Nasema hiki ni kifua changu! Nani amempa mtoto huyu kifua changu?"

Akawageukia wenzake.

"Zimeni."

"Na mvua, mzee mwenzangu?"

"Mvua itajijua. Zimeni, nasema, mimi sina mkono, nizimieni na changu."

Wakazima. Walisaga makaa kwa visigino, kiko kimoja baada ya kingine, na kile kirefu alikikanyaga yule yule kibogoyo, hakuinua uso. Moshi uliobaki ulizunguka kidogo, ukitafuta ulikotoka, ukakonda, ukaisha. Na Ukungu akaamka. Alijitazama. Aliuona upindo wake, akaona mikono yake mitupu na watoto wote wamebebwa na mama zao, na inasemekana kitu cheupe kikiona haya hukioni kikibadilika rangi, unasikia baridi tu. Watu wote walisikia baridi. Akajikusanya kutoka kwenye nyasi, akapanda, hakugeuka nyuma, akapanda kileleni kujiosha. Mvua haikunyesha siku ile. Ilikuja baadaye, yenyewe, bila kupandwa na mtu. Siku ile ilikuja hewa.

Namkunda akavuta pumzi. Moja ndefu, mpaka kwenye vidole vya miguu. Kisha akalia kwa sauti ya mbuzi, na Nakijwa akanyoosha mikono, lakini Senkondo ilibidi aambiwe mara mbili amwachie.

Na tangu siku hiyo Ukungu hajashika tena mtoto wa mtu. Asubuhi huteremka hadi ukingo wa uwanja wa Mkwadu, huchungulia, na jua likimwona hurudi juu, kwa hiyo akina mama wote tunabeba watoto wetu mgongoni, na uzito ule mnaousikia kiunoni ndio ule aliouacha. Na tangu siku hiyo hakuna anayevuta pale, japo ni nje, japo mbingu ziko wazi. Mwenye hamu yake huteremka hadi chini ya ua wa miti ya masale, avute huko peke yake, amalize, arudi.

Mgeni asiyejua hufika, huja na sigara yake, huwasha. Hatumpigii filimbi. Hatumtozi kitu wala hatumtukani. Mama aliye karibu naye hufungua kanga, hupitisha mtoto mbele, humwambia, "Nishikie kidogo, kaka." Na mtu yeyote, hata awe mkorofi vipi, akiona mtoto anakuja kifuani mwake hufungua mikono yote miwili.

Anayetetemeka zaidi pale ni mama. Amempa mwanawe mtu asiyemjua, mwenye moto, na anasimama mikono mitupu anasikiliza. Hanyooshi mikono kumpokea mpaka aone mguu wa yule mtu umekanyaga kile kipande cha sigara na kukisaga kabisa.