Jiwe Lililoinamisha Kichwa

Haya, hadithi imefika mlangoni, ipisheni iingie.

Zamani Wamaasai walichunga nchi moja. Likaja zimwi, likaburura mkia wake kutoka mlimani hadi ziwani, likajilaza juu ya ule mstari. Nasieku, aliyeolewa ng'ambo ya mstari, akataka kwenda na ng'ombe wake kumwona mama yake.

Zimwi likamuuliza, "Wewe wa huku au wa kule?"

"Mimi ni wa ng'ombe hawa." Zimwi likawameza ng'ombe, likamrudisha.

Nasieku akaja tena. "Wa huku au wa kule?"

"Mimi ni wa kisima walichochimba babu zangu." Zimwi likakinywa kisima, kikakauka.

Mara ya tatu alikuja baada ya kusikia mama yake ni mgonjwa. "Wa huku au wa kule?"

Jamani, nyinyi mngejibu nini? Nasieku akasema kwa sauti ndogo, "Wa huku." Zimwi likacheka, likaumeza ukoo wake, si watu bali udugu wenyewe, likampisha.

Akakimbia hadi kwa mama yake, akainamisha kichwa, kama mtoto wa Kimaasai anavyomwinamia mzazi ili awekewe kiganja utosini. Mama akamtazama sana. Kisha akamnyoshea mkono, kama anavyosalimiwa mpita njia.

"Karibu, mgeni. Kwenu wapi?"

"Yieyo, mama yangu, ni mimi!"

"Ndiyo, mgeni. Kwenu wapi?"

Nasieku alirudi hadi kwenye mstari, bado ameinama, akawa jiwe.

Hadithi naitua hapo. Ukipita mpakani ukaliona, usiliulize ni la upande gani. Liwekee kiganja utosini, upite.