Mzee Ndahani na Ukuta Uliopewa Tuzo

Kisa hiki kisome taratibu, usikiharakishe. Ukimaliza, mtumie mtu mmoja ambaye hujasikia sauti yake siku nyingi.

Dodoma kulikuwa na msanifu majengo aitwaye Ezekia Ndahani. Alikuwa na mkono mzuri, na watu walikuwa tayari kusubiri zamu yao ili mradi awachoree yeye. Lakini nyumba aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ile aliyojijengea mwenyewe pembezoni mwa mji, kwenye kiwanja cha mteremko.

Sebule ya nyumba hiyo ilikuwa na ukuta mmoja mrefu, mweupe, usio na doa. Madirisha aliyaweka juu kabisa, karibu na dari, membamba kama utepe. Mwanga uliingia kutoka juu na kuteremka ukutani polepole. Hakuna aliyeweza kuchungulia, wala vumbi la Dodoma halikupata njia. Wageni walisimama katikati ya sebule, wakainua vichwa, wakanyamaza kama watu walio kanisani.

Chama cha wasanifu majengo kiliipa nyumba hiyo tuzo. Picha ya ukuta ikatokea kwenye jalada la jarida la chama. Katibu akampigia simu.

"Ezekia, wanachama wanataka kuja kuiona kwa macho yao. Tunaandaa ziara."

"Karibuni sana," alisema Ezekia, na siku hiyo alitembea kama mtu aliyevaa viatu vipya.

Ndani ya nyumba hiyo aliishi pia baba yake, Mzee Ndahani. Ezekia hakuwa na mke wala mtoto. Walikuwa wawili tu, pamoja na Foibe, dada aliyeajiriwa kumhudumia mzee mchana.

Mzee Ndahani alikuwa stesheni masta mstaafu. Alifanya kazi kwenye kituo kidogo cha reli upande wa Manyoni, mahali ambapo treni ikisimama, kijiji kizima kinatoka. Kazi yake ilikuwa watu. Aliwapokea, akawaaga, akajua nani anakwenda msibani na nani anakwenda kuposa. Mkewe alipofariki alibaki na watu wa kituo. Kisha kiharusi kikamlaza, miguu ikafa, na Ezekia akamleta mjini.

Alimleta kwa upendo, jambo hilo lieleweke. Alimnunulia kiti kizuri cha kuegemea na akamwekea runinga. Lakini nyumba ilikuwa na ngazi kila upande kwa sababu ya ule mteremko, na Foibe peke yake hakuweza kumshusha mzee kwenye kiti cha magurudumu. Mwanzoni Ezekia alimbeba Jumapili kwenda kanisani. Baadaye kazi zikawa nyingi. Mzee akawa anashinda sebuleni. Runinga aliomba izimwe, na kiti chake akaomba kisogezwe karibu na ule ukuta mweupe.

Baada ya muda alianza kuzungumza peke yake.

Ezekia alirudi siku moja kuchukua michoro aliyoisahau, akamkuta baba yake ameelekea ukutani, anasema, "Mbukwenyi! Haya, safari njema. Msichelewe." Hiyo mbukwenyi ni salamu ya Wagogo, na husalimiwa watu wengi kwa pamoja. Lakini pale sebuleni hapakuwa na mtu hata mmoja.

"Baba, unaongea na nani?"

Mzee aligeuka. Akasema, "Basi tu."

Ezekia alimuuliza Foibe kama amewahi kusikia mambo hayo.

"Kila siku, kaka," alisema Foibe. "Mimi nikiwa jikoni na redio yangu namsikia. Mara anasema pole, mara anacheka. Juzi amesema, 'Leo sihitaji, pita kesho.' Nikaogopa."

Ezekia akaelewa, au alidhani ameelewa. Baba yake alikuwa amerudi kituoni. Akili yake ilikuwa inaaga abiria wa treni zilizopita zamani. Alimpigia daktari, akaelezwa ampeleke hospitali ya wagonjwa wa akili ili alazwe na kuchunguzwa. Wakapanga siku ya Jumatatu. Ezekia alizungumza hayo kwa simu akiwa kwenye korido ya nyumbani, kwa sauti ya chini, kisha akaenda kulala bila kumuaga mzee. Aliona aibu, wala hakujua ni aibu ya nini.

Sasa, chama cha wasanifu kina utaratibu wake. Kila mwanachama lazima ahudhurie mafunzo endelevu na kupata alama, la sivyo leseni yake haihuishwi. Mafunzo yaliangukia Ijumaa, siku chache kabla ya ile Jumatatu. Ezekia alikuwa na mtindo wake katika mafunzo hayo: anaweka sahihi, anakunywa chai, anapotea.

Safari hii mkufunzi alikuwa Bi. Tatu Kingazi, msanifu wa makamo kutoka Tanga, mwanamke mwenye sauti ya upole na uso usiotania.

"Karatasi ya sahihi itapita mwishoni," alisema, na watu kadhaa wakaangaliana. "Leo hakuna kuchora. Nipeni simu zenu."

Aliwapeleka mmoja mmoja kwenye vyumba vya jengo walimokuwa, akampa kila mtu kiti.

"Kaa hapa. Usiinuke hadi nije. Ukiinuka, umejifuta."

"Nifanye nini?" aliuliza Ezekia.

"Hakuna. Kaa."

Ezekia akakaa. Mwanzoni alicheka moyoni. Kisha akatazama mbele, na alichokiona kilikuwa miguu ya meza, swichi ya taa, na kipande cha anga kisichozidi leso. Nje, wapishi walikuwa wanapika chakula cha mchana. Mmoja alikuwa anasimulia kisa cha shemeji yake aliyeuziwa mbuzi mgonjwa, na wenzake wanavunjika mbavu. Ezekia akasikiliza. Kisa kilipofika penyewe, wapishi wakasogea na sauti zikafifia. Ezekia alishika mikono ya kiti. Alitaka kuinuka aende dirishani, na hakuruhusiwa. Alitaka kuita, akaona atachekwa.

Waliporudi ukumbini, Bi. Tatu akauliza kila mtu alichokikosa zaidi. Wengine wakasema simu, wengine wakasema maji.

"Mimi nilitaka kujua mbuzi aliishia wapi," alisema Ezekia.

Ukumbi ulicheka. Bi. Tatu hakucheka. Aliandika kitu ubaoni, akafuta, akasema, "Kila mmoja akarudie zoezi hili kwenye jengo alilolichora mwenyewe. Mkae pale anapokaa mtu asiyeweza kuinuka. Kisha mje mniambie. Bila hivyo alama sitoi."

Jumamosi asubuhi Ezekia aliamua kulimaliza jambo hilo haraka. Jengo la karibu lilikuwa nyumba yake. Foibe alikuwa amempeleka mzee bafuni kumwogesha, na kiti kikawa wazi. Ezekia akaacha simu chumbani, akakaa kwenye kiti cha baba yake.

Mbele yake palikuwa na weupe mtupu.

Aliinua shingo kuyatafuta yale madirisha yaliyompatia tuzo. Kutoka pale chini aliona michirizi ya samawati tu. Hakuona mti wala paa la jirani. Shingo ikauma, akaishusha, na ule ukuta ukarudi mbele ya macho yake. Alijaribu kukaa hivyo kama watu wengine wanavyokaa, na akagundua kwamba hajui auelekeze uso wake wapi.

Ndipo aliposikia hatua za miguu.

Zilikuwa karibu mno, kana kwamba mtu anatembea ndani ya ukuta. Kisha akasikia kengele ya baiskeli, halafu watoto wanabishana kuhusu mpira. Ezekia alishangaa. Miaka yote alikuwa anaingia nyumbani kwa gari, kwa lango la mbele. Hakujua kwamba nyuma ya nyumba, nje kidogo ya uzio wa michongoma, watu walikuwa wamejitengenezea kinjia cha kukatizia kwenda barabarani. Mtu aliyesimama sebuleni, anayeongea na wageni, hawezi kuwasikia. Aliyekaa kimya chini ya ukuta anasikia hata mtu akishusha pumzi.

Wanawake wawili wakapita.

"Tembea basi, gari la kwenda Bahi litatuacha."

"Natembea. Usiku kucha sikulala, nimemlilia shangazi mpaka macho yamevimba."

Na kutoka bafuni, lililokuwa upande uleule wa nyuma, kupitia mlango uliokuwa wazi nusu, Ezekia akasikia sauti ya baba yake ikisema kwa upole, "Poleni na msiba. Safari njema."

Ezekia aligeuza uso kuelekea bafuni.

Hatua zikaenda zikapotea. Wale wanawake hawakujibu. Hawakusikia kitu.

Akabaki kwenye kiti kile mpaka Foibe alipomleta mzee, akiwa amejifunika khanga mabegani. Ezekia akainuka, akamsaidia kukaa, kisha akapiga magoti mbele yake.

"Baba, unawasikia kila siku?"

"Nawasikia."

"Na unawajibu."

"Sasa mtu akupitie karibu hivi, umnyamazie?"

"Lakini wao hawakusikii, baba."

"Najua," alisema mzee. "Mwanzoni nilikuwa napaza sauti. Baadaye nikaacha kupaza."

"Kwa nini hukuniambia?"

Mzee Ndahani alitazama mikono yake.

"Ningekuambia nini, Ezekia? Kila mgeni anayeingia hapa anausifu huu ukuta. Wewe mwenyewe ukirudi kazini unautazama huo kwanza, ndipo unanisalimu mimi. Nikasema, mtoto wangu anaupenda. Acha nikae nao."

 Mzee akaendelea, kwa sauti ileile.

"Na Jumatatu unanipeleka kule hospitali."

"Ulijua?"

"Ulikuwa unaongea na simu. Miguu ndiyo iliyokufa, masikio bado. Sikukataa. Nilisema moyoni, kule angalau kuna watu."

Wasomaji, Ezekia alitoka nje akaenda kusimama nyuma ya nyumba yake mwenyewe kwa mara ya kwanza tangu ijengwe. Alilia huko, peke yake, karibu na michongoma.

Kisha akampigia katibu wa chama.

"Ziara iahirishwe. Jumatatu nauvunja ukuta ili baba apate dirisha."

"Ukuta upi?"

"Ule wa kwenye jarida."

"Ezekia, una wazimu? Ukuta ule ndio nyumba yenyewe! Wenzako wameshalipia usafiri. Weka dirisha upande mwingine."

"Upande mwingine hakuna watu," alisema Ezekia, akakata simu.

Jumatatu hawakwenda hospitali. Mafundi walikuja na nyundo zao. Mzee alikataa kuhamishiwa chumbani, akafunikwa shuka kichwani kujikinga na vumbi, na alikaa palepale akisikiliza matofali yakianguka. Walitoboa ukuta kuanzia usawa wa magoti ya mtu aliyekaa, wakaweka dirisha pana la kufunguka. Nje, Ezekia akapunguza michongoma kwa mkono wake hadi kinjia kikaonekana na pakapatikana nafasi ya mtu kupita.

Dirisha lilipofunguliwa, mtu wa kwanza kupita alikuwa mama mmoja mwenye dumu la maziwa kichwani. Alisimama ghafla, akashika dumu.

"Ee! Kumbe humu mnaishi watu?"

"Tunaishi," alisema Mzee Ndahani.

"Shikamoo, babu. Mimi napita hapa siku zote nikijua hili ni ghala."

"Marahaba, mama. Na mumeo, ule mguu umepona?"

Yule mama aliduwaa. "Babu, umejuaje habari za mguu wa mume wangu?"

"Ulikuwa unamweleza mwenzako hapo nje. Nilikupa pole siku ile."

"Sikusikia, babu."

"Ndiyo. Hukusikia."

 Yule mama akashusha dumu lake, akaliweka chini, akasogea hadi dirishani, akampa mzee mkono. Mzee aliushika kwa mikono yake miwili na hakuuachia upesi. Ezekia, aliyekuwa amesimama nyuma yao, alitazama pembeni.

Bi. Tatu Kingazi alimpa alama zake. Jarida la chama lililofuata halikuandika chochote kuhusu nyumba ile, na baadhi ya wenzake hadi leo husema Ezekia aliharibu kazi yake bora. Yeye huwa habishani nao. Anachojua ni kwamba ule muda baba yake aliokaa akiuelekea ukuta mweupe, akiwajibu watu wasiomsikia, haurudi, na hakuna mchoro utakaoufuta.

Asubuhi ya Jumanne, siku moja baada ya ukuta kuvunjwa, Foibe alipofika tu mzee alimwita.

"Leo usiniache na nguo hizi za kulalia," alisema. "Nitafutie shati lenye kola, na uninyoe ndevu. Watu wataniona."

Funzo: Kabla hujasema mzee wako amechanganyikiwa, kaa pale anapokaa yeye, nyamaza, usikie anachokisikia. Huenda akili yake ni nzima kabisa, ila ni sisi tuliomjengea mahali pazuri pasipo na mtu wa kumjibu.