Skola Aliuliza Kuhusu Uyoga

Kaeni vizuri, wapendwa. Wenye watoto wapakateni, maana leo sitaki mtu aniambie hakusikia.

Juzi kwenye kikao cha vijana niliulizwa swali nikakosa jibu la papo hapo. Binti mmoja, yule anayependa kupiga picha za ndege, alisimama akasema, "Mchungaji, sisi wenye vitu tunavyovipenda, tukutane wapi? Kwenye majukwaa ya zamani ya mtandaoni, yenye watu wachache wanaojuana, au kwenye mitandao ya kijamii waliko watu wote?" Nikamwambia nitamjibu Jumapili, kwa mfano. Leo ni Jumapili.

Kulikuwa na mwalimu mmoja mstaafu wa huku kwetu nyanda za juu, anaitwa Mwalimu Tusekile. Miaka thelathini na miwili alishika chaki. Alipostaafu, wenzake walijenga vyumba vya kupangisha, wengine wakafuga nguruwe. Yeye akapenda uyoga. Mvua za kwanza zikinyesha utamwona amevaa mabuti, kikapu mkononi, anaingia msituni anainama kila mahali kama mtu aliyedondosha pete. Si kwamba alikosa mboga nyumbani. Alipenda tu. Ninyi wenye kitu mnachokipenda bila sababu mnanielewa.

Akatafuta wenzake, akawapata kwenye jukwaa moja mtandaoni. Wanachama arobaini na kitu, wote wapenda uyoga, na msimamizi wao Mzee Kilasi, bwana misitu mstaafu. Jukwaa lenyewe lilikuwa na sheria zake. Ukiweka picha ya uyoga, uweke na ya chini ya kofia, na ya shina, na shina liwe limechimbuliwa mpaka mwisho, useme na umeota wapi. Halafu unangoja. Leo kimya, kesho kimya, kesho kutwa mtu anakuuliza swali jingine. Na hakuna aliyeruhusiwa kusema "huu unaliwa" mpaka watu watatu wawe wameukagua.

Sheria nzuri, sivyo? Ndiyo, ni nzuri. Lakini sikilizeni walivyozitumia.

Siku moja Mwalimu aliweka picha ya uyoga mzuri alioupata kando ya mto. Alisahau kuchimbua shina. Mzee Kilasi akaandika, "Mwalimu, hii picha ni ya kupelekea harusi. Shina liko wapi?" Mwalimu akaomba radhi. Wiki iliyofuata akaweka nyingine, shina limekatikia njiani. Mzee Kilasi akaandika mbele ya wote: "Kama kuchimba kunakushinda, mama, achana na uyoga. Fuga kuku." Chini yake wanachama kumi na mmoja wakaweka vile vikatuni vya kucheka.

Mwalimu alitazama simu yake, hakuamini. Mtu mzima, mwenye wajukuu, aliyefundisha nusu ya wilaya kusoma, anachekwa na watu ambao hawamjui hata sura! Akaufunga ule ukurasa. Machozi yalimtoka, akajifanya ni moshi wa jikoni.

Ndipo mpwa wake akamfungulia ukurasa kwenye mtandao wa kijamii. Wakauita Mama Uyoga. Video ya kwanza ilitazamwa na watu mia mbili. Ya tatu, elfu nane. Baada ya masika mawili alikuwa na wafuasi elfu sitini. Wapendwa, elfu sitini! Hata uwanja wetu wa mpira pale mjini hauwezi kuwakalisha. Na wote wanamsifu. "Mama tunakupenda." "Mama ungekuwa mwalimu wangu nisingefeli." Nani kati yetu angeliacha hilo akarudi kwa watu wa fuga kuku?

Ila kulikuwa na jambo moja. Kila alipoanza kueleza habari za kuchimba shina, watu waliacha kutazama. Mpwa wake alimwonyesha: hapa wapo, hapa wanaondoka. Basi akapunguza. Kutoka dakika tano zikawa tatu, zikawa mbili, mwisho zikawa nusu dakika. Kofia nyeupe, tabasamu, wimbo, kwaheri.

Jumamosi moja asubuhi aliweka video ya uyoga mweupe unaoota kwenye kichuguu. Mtamu huo, wengi wenu mmeula. Lakini upo mwingine mweupe unaofanana nao, na huo unaua. Tofauti yao imefichwa udongoni: wa kichuguu shina lake linazama chini kama mzizi, yule muuaji amekalia kifuko kama ganda la yai lililopasuka. Na ninyi msije mkatoka hapa mkaenda kuchuma uyoga kwa mahubiri yangu. Mimi ni mchungaji, sijui uyoga. Mwalimu alijua. Alikuwa amelieleza jambo hilo vizuri kabisa kwenye video. Halafu akalikata, nusu dakika itoshe.

Maoni yakamiminika, mia tisa. Mwalimu akakaa barazani na kikombe chake cha chai, akaanza kubonyeza alama ya moyo kwenye kila neno aliloandikiwa. Hakuwa anasoma. Alibonyeza tu, asije mtu akajiona amedharauliwa. Yeye alijua uchungu wa kudharauliwa. Moyo, moyo, moyo, mpaka kidole kikachoka.

Wiki ikapita. Jumamosi iliyofuata, anakamua nguo uani, simu ikaita. Sauti ya mwanamume.

"Shikamoo, mama. Wewe ndiye Mama Uyoga?"

"Marahaba, mwanangu. Ndiye mimi, karibu."

"Nimekutumia picha. Naomba uitazame, usikate simu."

Mwalimu akafuta mikono kwenye khanga, akafungua. Ilikuwa picha ya ukurasa wake mwenyewe. Maoni ya mtu anaitwa Skola, pamoja na picha ya uyoga mweupe uliokatwa shina, umewekwa kwenye sinia. Skola ameandika: "Mama shikamoo. Ni huu? Nimeuchuma nyuma ya shule, nataka kuwapikia wanangu mchana huu. Naomba unijibu."

Na chini ya swali hilo, moyo. Mwekundu. Na pembeni ya moyo, kipicha chake yeye Mwalimu, anatabasamu na kikapu.

"Skola ni dada yangu," ile sauti ikasema. "Nilikuwa nimepita kwake asubuhi ile. Nikamuuliza, una uhakika? Akanionyesha simu. Akasema, 'Mama mwenyewe ameshanijibu.'"

Mwalimu akakaa chini, pale pale kwenye maji ya sabuni.

"Wakoje?" akauliza. "Baba, niambie, wakoje?"

"Wametapika tangu usiku ule mpaka Jumapili. Jumatatu wakapata nafuu, tukashukuru Mungu, tukajua yamekwisha. Jumanne macho yakawa ya njano. Dada yangu yuko hospitali, wanasema atapona, alikula kidogo, kingi aliwaachia watoto. Mkubwa naye anaendelea vizuri." Kisha akasema, "Mdogo, Anitha, wa miaka sita, tumemzika jana."

Mwalimu hakulia. Kuna habari zinazofika mwilini kabla machozi hayajajua la kufanya. Aliinamia ile simu akarudia swali la Skola mara ya pili, mara ya tatu. Naomba unijibu. Naomba unijibu. Lilikuwa pale siku saba nzima, na kidole chake kilipita juu yake.

Alikwenda msibani. Alikwenda pia hospitali, akasimama mbele ya kitanda cha Skola. Skola alimtazama, akageukia ukutani, na Mwalimu akaona hiyo ni haki yake. Akatoka.

Kutoka hapo hakurudi kwake. Alipanda basi kwenda wilaya ya pili kumtafuta Mzee Kilasi. Kwa nini? Nafikiri alitaka kuadhibiwa. Alitaka mtu amwambie, "Nilikuambia uchimbe." Alitaka kusikia lile neno la kuku tena, na safari hii akubali kwamba lilikuwa sahihi.

Wale wawili hawakuwahi kuonana. Alimkuta mzee mrefu, mwembamba, shati limefungwa mpaka kishikizo cha shingoni, ameketi mbele ya meza iliyojaa uyoga uliokaushwa na kuandikwa majina. Akampa kiti, akampa maji. Mwalimu akaeleza yote, hakujitetea hata neno moja. Kisha akampa simu aone.

Mzee Kilasi hakuipokea.

"Picha hiyo naifahamu, Mwalimu," akasema.

"Unaifahamu vipi?"

"Video zako natazama. Sijakosa hata moja tangu ulipotuacha." Akavua miwani, akaishika mkononi. "Picha hiyo niliiona siku ile ile. Saa nne asubuhi."

Saa nne asubuhi, wapendwa. Mboga ilikuwa haijainjikwa.

"Uliuona ni upi?"

"Niliujua mara moja. Umekatwa shina, ndiyo, lakini zile nyuzi za chini ya kofia, na ile pete ya shingoni... Niliujua."

Mwalimu akashika ukingo wa meza. "Ukaandika nini, mzee wangu?"

"Niliiweka jukwaani kwetu. Nikawaambia, tazameni mambo ya Mama Uyoga. Tukaijadili."

"Mkaijadili?"

"Vizuri sana. Watatu waliikagua kama sheria inavyosema, halafu wakaongezeka. Hakuna aliyebisha. Kabla ya adhuhuri tulikuwa tumekubaliana wote kwamba ni wa sumu." Sauti yake ikaanza kupungua, kama mtu anayejisikia kwa mara ya kwanza. "Ulikuwa mjadala wa kurasa tatu."

"Na Skola?" Mwalimu akasema. "Aliyeuliza? Nani alimwambia?"

Mzee Kilasi akautazama uyoga wake mezani, kila mmoja na jina lake, na wilaya ulikotoka, na tarehe. Kisha akasema maneno ambayo nadhani atakufa nayo:

"Yeye hayumo jukwaani kwetu."

Mmesikia? Hayumo jukwaani kwetu!

Watu arobaini walikuwa na jibu. Jibu sahihi, lililokaguliwa, lisilo na kosa hata moja. Na mama mmoja amesimama jikoni na sinia mkononi, maji yanachemka, anaomba ajibiwe. Kati ya jibu na swali palikuwa na nini? Mto? Mlima? Palikuwa na kidole kimoja, neno moja: Usile. Herufi tano! Hawakuziandika, kwa sababu walikuwa na hasira na Mwalimu, na kwa sababu mambo ya kule hayawahusu.

Nilipoanza, mlimhukumu Mwalimu. Nimewaona, mlikuwa mnatikisa vichwa: mitandao hii, wastaafu hawa, kutafuta sifa. Mkawa mnajisogeza taratibu upande wa Mzee Kilasi. Sasa niambieni, mnataka kukaa upande gani?

Binti yangu wa picha za ndege, uko wapi? Simama nikuone. Jibu langu ni hili. Ukiwa na watu wachache wanaojua, kaa nao, wakukosoe, ujifunze kuchimba mpaka mwisho wa shina. Ukiwa na elfu sitini, wahudumie. Mimi sioni dhambi kwenye majukwaa wala kwenye mitandao. Dhambi niliyoiona ni moja, na ilikuwa kotekote: mtu aliuliza, hakujibiwa. Mmoja alimpa moyo badala ya jibu. Wengine walikuwa na jibu, wakalikalia. Kaa, mwanangu.

Na sisi wakubwa tusicheke, maana mfano huu umetupata. Sisi tunaoshiba mafundisho kila juma, tunaokaguana imani humu ndani, tunaojua kabisa jirani yetu anapika nini. Tumemwona kijana wa fulani anavyokwenda. Tumeiona ndoa ya fulani. Tumeijadili, ndiyo, kwenye jumuiya, kwenye kwaya, kurasa tatu! Tukakubaliana wote ni sumu. Nani alikwenda kumwambia? Ah, yule si msharika wetu. Yule ni wa kanisa lile jingine. Yule aliacha kuja tangu tulipomsema.

Na wapo tuliowapa moyo. Mtu amekuandikia, "Nimechoka, sijui kama nitafika mwisho wa mwezi huu." Wewe ukatuma mikono miwili ya maombi, ukaendelea na shughuli zako, ukahesabu umejibu.

Mtaniuliza yaliishia wapi. Mwalimu hakuufunga ukurasa. Anasoma kila neno sasa, hata likimchukua siku mbili, na wafuasi wengi wamemkimbia kwa kuchoka kusubiri. Mzee Kilasi yuko naye huko huko, anajibu watu asiowajua, na bado ni mkali. Skola hajawahi kumwandikia tena yeyote kati yao. Hilo sitalipamba.

Sasa sitaita kwaya bado. Nataka tunyamaze kidogo. Katika ukimya huu kila mmoja atakumbuka jina la mtu aliyemuuliza jambo juma hili naye akampita bila kumjibu, au mtu anayemwona anaelekea kubaya akasema hanihusu. Ukilikumbuka jina hilo, inuka, toka nje, piga simu. Usingoje ibada iishe. Sitauliza unakwenda wapi, na sadaka yako itakungoja. Mzee wa kanisa pale nyuma, tafadhali, fungua milango yote miwili.