Baiskeli ya Masalu Iliyookwa Tanurini

Hapo zamani, na msidhani nasema ile ya fisi kuoa na sungura kudanganya watu. Nasema zamani ya karibu, umeme ulipokuwa umeshafika Mwandilima na lami bado. Kaeni vizuri. Wa kukohoa akohoe sasa, maana nikifika mwisho nitauliza, na sitarudia.

Kulikuwa na mjane akiitwa Bi Holo. Mumewe, Masalu, alikufa akaacha baiskeli moja. Baiskeli hiyo ilibeba pamba, ikabeba wagonjwa, ikabeba na bibi harusi. Kila baada ya miaka michache Masalu aliipaka rangi kwa brashi, na kila baada ya miezi michache rangi ilibanduka. Alipokufa, ikaegemezwa ukutani nyuma ya nyumba, kutu ikaanza kuila.

Kwa Bi Holo waliishi watu wengine watatu. Wa kwanza Minza, binti yake, mwanamke wa maneno machache. Wa pili Lugendo, mdogo wake Minza, aliyefanya kazi mjini kwenye karakana ya mageti mpaka karakana ikafungwa. Akarudi na bunduki ya kupulizia rangi, pampu ya upepo na kopo moja la rangi. Wa tatu Kashinje, aliyeolewa na mtoto wa kwanza wa Bi Holo. Mume alikufa, naye akabaki pale pale kwa mama mkwe, akioka mikate na skonzi katika tanuri la udongo lililokuwa uani. Mwandilima nzima ilinywa chai kwa mikate ya Kashinje.

Siku moja Bi Holo akachoshwa na kutu. Akawaita wote watatu.

"Kile chuma pale nyuma kinanitia aibu," akasema. "Atakayekirudisha barabarani kiking'aa, ni chake. Si cha mwingine. Nimemaliza."

Alisema mmoja. Hakusema wawili, wala hakusema mgawane. Lishikeni hilo.

Minza aliitaka baiskeli. Alikuwa amepata kazi ya uhudumu katika zahanati iliyo mwendo wa saa tatu kwa miguu, na kazi ilianza Jumatatu ya kwanza ya mwezi uliofuata, kila siku, alfajiri. Asiye na usafiri nafasi yake angepewa mwingine. Lugendo aliitaka baiskeli. Alitaka kufungua kazi yake ya rangi, lakini pale kijijini hakuna aliyeamini maneno yake, na mtu asiyeaminiwa lazima awe na kitu cha kuonyesha. Kashinje je? Kashinje hakuitaka. Alikuwa na tanuri lake, na tanuri lilimtosha.

Minza akaanza. Akaifungua baiskeli, akabaki na fremu tupu. Akaikwangua kwa kisu butu, akaikwangua kwa brashi ya waya, akaisugua kwa msasa. Akatoa nyeusi, chini yake akakuta ya fedha. Akatoa ya fedha, akakuta nyekundu. Akatoa nyekundu, akakuta bluu. Akatoa bluu, akakuta kijani. Siku kumi na moja! Vidole vikamchubuka hata kushika ugali ikawa taabu.

Siku ya kumi na moja, pale pedeli zinapoingia, akakuta ufa. Masalu alikuwa ameuziba kwa sabuni na lami, akaupaka rangi juu, akaendelea kupanda, Mungu akimwangalia. Minza akajitwika fremu kichwani, akaenda nayo gulioni kwa fundi wa kuchomelea, akampa jogoo wake, ufa ukachomelewa. Akarudi nayo kichwani.

Sasa fremu ilikuwa nyeupe kwa msasa, chuma kitupu. Na chuma kitupu hakikai. Asubuhi mbili tatu za umande, kutu imesharudi. Lugendo akajitokeza.

"Dada, usipake ya brashi. Baba alipaka ya brashi mara tano, umeziona mwenyewe. Mimi nina rangi ya unga. Haina maji, haina mafuta. Unaipuliza kavu, umeme unaifanya ing'ang'anie chuma, kisha unaioka. Ikishaiva haibanduki."

Bi Holo aliyekuwa akichambua mchicha akainua kichwa. "Unaifanyaje?"

"Unaioka, mama."

"Kama skonzi?"

"Kama skonzi."

Bi Holo akacheka mpaka mchicha ukamwagika. Lakini Lugendo hakuwa akicheka. Alikuwa akilitazama tanuri la Kashinje, na Kashinje alikuwa akimtazama yeye.

"Shemeji," Lugendo akasema, "sitakuficha. Rangi hii ikiokwa inatoa moshi wake, na moshi unaingia kwenye udongo. Ukishaoka rangi humo, chakula tena basi. Hata usugue vipi, ni sumu."

"Na mlango?" Kashinje akauliza. "Mlango wa tanuri ni wa kupitisha sinia. Fremu haipiti."

"Mlango itabidi tuuvunje."

Kashinje akaenda akaweka kiganja juu ya tanuri lake. Alikuwa amelijenga kwa mikono yake, mwaka ule ule aliomzika mumewe. Akarudi.

"Nina miaka sita hapa tangu nifiwe," akasema. "Hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuniuliza naondoka lini. Leteni jembe."

Mmemsikia? Hakudai kitu, hakuandikishana na mtu. Akachukua jembe akavunja mlango kwa mkono wake mwenyewe, hakumwachia mwingine.

Jumamosi ikafika. Minza akaifuta fremu kwa spiriti na kitambaa safi, na kuanzia hapo ikawa marufuku kuigusa, kwa sababu mkono una mafuta, na penye mafuta rangi haikai. Ikatundikwa kwa waya kwenye mti mrefu wa kubebea mabegani, ndani ya ghala. Lugendo akafunga waya mwingine kutoka kwenye fremu mpaka kwenye nondo iliyochomekwa ardhini, akamwagia maji pale chini ili umeme wa bunduki upate njia. Akawasha pampu. Akapuliza. Rangi yenyewe ilikuwa ile nyekundu iliyokolea, damu ya mzee. Ikatoka kama vumbi, ikaruka, ikaifuata fremu mbele na nyuma, ikatulia. Kazi yenyewe ilichukua robo saa. Ndiyo, robo saa, msinicheke.

Lakini rangi ya unga kabla ya kuokwa imeshikwa na umeme tu. Ukiipulizia pumzi, inatoka. Ukiitikisa, inamwagika. Na lile kopo lilikuwa limeisha. Kutoka ghalani mpaka tanurini ni hatua ishirini na nane.

Wakaubeba mti mabegani, Lugendo mbele, Minza nyuma, fremu ikining'inia katikati. Hatua ya tisa, Lugendo akakanyaga msafara wa siafu.

Siafu mnawajua. Wakapanda viatu, wakapanda suruali, wakafika kwenye magoti, wakafika juu ya magoti, wakafika kule. Lugendo hakuruka, wala hakujikung'uta. Alitembea mwendo ule ule wa pole, machozi yakimtiririka, akihesabu hatua kwa sauti: kumi na tano, kumi na sita, kumi na saba. Alipofika ishirini na nane akaushusha mti taratibu kwenye panda zilizosimikwa pale, akaenda nyuma ya choo, na yaliyosikika kutoka kule sitayasema mbele ya watoto.

Alipotoka, uso ulikuwa umembadilika kwa jambo lingine kabisa.

"Mjini tulikuwa na saa ya kupimia moto," akasema. "Hapa sina. Moto ukizidi, rangi inaungua. Ukipungua, inabaki mbichi na kubanduka. Sijui, jamani. Sijui."

Kashinje akamsogeza pembeni. Kuni zilikuwa zimeshateketea. Akavuta makaa yote nje, akapiga deki ndani kwa gunia bichi ili jivu lisiruke. Kisha akachota unga wa ngano kwa vidole vitatu, akautupa sakafuni mwa tanuri, akahesabu. Unga ukawa mweusi mara moja. "Bado ni moto wa kuunguza," akasema. Akangoja. Akatupa tena, akahesabu. Ukawa kahawia haraka. "Huu moto wa mkate." Akangoja. Akatupa mara ya tatu, akahesabu polepole, unga ukageuka rangi ya chai ya maziwa. "Huu moto wa skonzi. Ingizeni."

Wakaingiza, wakaziba mlango kwa bati na udongo. Akakaa muda wa skonzi, akauongeza kidogo kwa kuwa chuma si ngano, akasema, "Toeni."

Ikatoka ikimetameta. Bi Holo aliitazama kwa muda mrefu, akajifuta macho kwa pembe ya kanga. "Masalu angeipita njiani asiijue," akasema. Jumapili magurudumu yakarudishwa, mnyororo ukarudishwa, baiskeli ikasimama uani.

Jumatatu alfajiri Bi Holo akafungua mlango, akawakuta watu watatu na baiskeli moja. Minza amevaa sare, mkono uko kwenye usukani. Lugendo mkono uko kwenye kiti. Na Kashinje, ambaye hakuwahi kuitaka, mkono wake ulikuwa kwenye keria.

"Mama," Minza akasema, "nimekwangua siku kumi na moja. Ufa niliukuta mimi, nikautibu mimi. Bila mimi mngeoka kitu kizuri cha kumvunja mtu shingo. Na leo nisipofika zahanati, kesho nafasi si yangu."

"Mama," Lugendo akasema, "chuma cha dada kingekuwa na kutu siku ya tatu. Uliomba king'ae. Aliyekifanya king'ae ni nani? Ujuzi ni wangu, rangi ni yangu, na siafu walikula nyama yangu. Nikizunguka nayo leo, watu wataamini, na nyumba hii itakula kwa kazi yangu."

Kashinje akalitazama tanuri lake. "Jana asubuhi watu walikuja na vikapu vyao wakitaka mikate," akasema. "Nikawarudisha mmoja mmoja. Nilipokuwa natoa sikuhesabu, mama. Sasa nimehesabu. Tanuri jipya la udongo halikauki leo wala kesho, lakini mikate inauzwa mjini. Nikiwa na baiskeli nitaifuata na kuileta hapa. Nikiwa sina, mimi ni nani katika kijiji hiki?"

"Wifi, wewe ulitoa zawadi," Minza akasema, kwa upole. "Zawadi haidaiwi."

"Na moto aliupima nani?" Kashinje akajibu.

Naona pale nyuma kuna anayetaka kusema wagawane siku. Zahanati ni ya kila siku. Minza akikosa moja, ameikosa kazi. Naona mwingine anasema iuzwe. Bi Holo alishaulizwa hilo, akajibu kwamba baiskeli ya Masalu haiuzwi yeye akiwa hai. Na pesa ya kununua nyingine hawana.

Bi Holo akawatazama. Binti aliyemzaa. Mwana aliyemzaa. Na yule ambaye hakumzaa, aliyebaki naye baada ya mwanawe kuondoka.

"Nilisema mmoja," akasema. "Nikilitaja jina, wawili waondoe mikono yao, na asiwepo wa kuninunia."

Kisha akafungua kinywa.

Hapo mimi nafunga changu. Aliyekwangua chuma na kuutibu ufa. Aliyeleta rangi akavumilia siafu. Aliyelivunja tanuri lake bila kudai, akaja kudai baadaye. Jua linachomoza, zahanati inafunguliwa, wanunuzi wa mikate wako njiani na vikapu vyao.

Haya, nyinyi mlionyamaza muda wote: mkono wa nani ulistahili kubaki kwenye baiskeli ile?