Fisi Alivyobuniwa Nyumba ya Kesho

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Pakawa mwamba, na juu ya mwamba shule.

Mwalimu wa shule hiyo alikuwa Pimbi. Aliwafundisha Panya, Kindi na Kobe kubuni nyumba, lakini hawakuanza na udongo. "Laleni kwanza," aliwaambia. "Fumbeni macho, muishi ndani ya nyumba ambayo bado haijajengwa. Mvua inanyesha: unakaa wapi? Mgeni anabisha: unamfungulia vipi?"

Siku moja, puu! Fisi akatua mbele yao, mate yanamchuruzika.

"Leo nawala nyote!"

Moyo wa Pimbi ukadunda, du du du, lakini sauti akaituliza.

"Utatula, Bwana Fisi. Ila ukishatumaliza leo, kesho utakula nini? Tukujengee nyumba ambayo chakula kikiingia hakitoki."

Fisi akameza mate. "Hakitoki kabisa?"

"Kabisa. Lakini lazima uiishi kwanza. Ingia pango lile, lala, fumba macho, utuambie unavyotaka iwe."

Fisi akaingia, akalala, akafumba macho.

"Unaona nini, bwana?"

"Naona mbuzi, amenona! Anatoroka upande wa kulia! Zibeni!"

Wanafunzi wakaziba. Jiwe, ndi! Tope, pwacha!

"Na sasa?"

"Kondoo! Anatorokea kushoto! Zibeni!"

Jiwe, ndi! Tope, pwacha!

"Na sasa?"

"Nasikia upepo. Kuna tundu katikati! Hata kifaranga asipite!"

Ndi! Pwacha! Ndi! Pwacha!

Kimya. Fisi akafumbua macho. Giza totoro.

"Mwalimu! Mlango uko wapi?"

Pimbi akasogeza mdomo kwenye ufa. "Hukuutaja, bwana. Umeishi nyumba nzima, na wewe mwenyewe hukutoka nje hata mara moja."

Fisi akasukuma ukuta. Ukuta ukatulia. Akalia, uuu-wi! Ukuta ukatulia.

Panya akanong'ona, "Mwalimu, amefaulu?"

Pimbi akafikiri kidogo. "Kuta amepata zote. Mlango arudie."

Wakakusanya vitu vyao, wakahamia mwamba mwingine.

Basi, wenzangu, funzo ni hili: msiwaze ya kesho! Fisi alikula miaka yote bila kuwaza, akanenepa vizuri tu. Siku aliyowaza kesho, ndipo yalipomkuta hayo. Na shule msiikaribie.

Nami hapo nimenyamaza. Aliyesinzia akasimuliwe na jirani.